Mafuta ya udi ni ya siku ya kazi

Mtwara nyumba nyingi zina kichupa cha mafuta ya udi, na vichupa vingi havifunguliwi. Kimo kabatini, kimeviringishwa kwenye leso, kinangoja Idi, kinangoja harusi ya mtoto wa dada, au kinangoja yule ndugu aliyekileta kutoka Maskati aje tena aone kimetunzwa. Siku kikitolewa, mwenyewe anakugusisha tone moja nyuma ya kiganja, unashukuru, kinarudi kwenye leso yake. Naielewa heshima iliyomo katika tabia hiyo, maana kitu chenyewe ni cha thamani. Ila siikubali. Mafuta ya udi usiyoyavaa siku ya kazi huwezi kuyajua. Na usipoyajua huwezi kutofautisha ya kweli na ya kubambikwa, wala hutaelewa kwa nini huyu kalipa bei ya cherehani mpya na yule kalipa bei ya mita mbili za bitana, na vichupa vyao ukiviweka mezani vinafanana.

Mimi ni fundi cherehani, Chikongola, hapa Mtwara mjini. Kazi hii inakusogeza karibu na watu. Ukimpima mtu shingo na mabega, pua yako iko inchi chache kutoka kwenye kola yake, na yeye anakunusa vilevile. Nguo zinazoletwa kurekebishwa zinakuja na harufu za majumbani: mafuta ya nazi, moshi wa kuni, sabuni ya mche, kafuri, samaki. Na udi. Ukipiga pasi kola ya kanzu iliyofukizwa mwezi uliopita, mvuke ukipanda tu, ule moshi unazinduka na kujaza chumba kizima. Ni pasi iliyonitia mapenzi ya udi, na ndiyo iliyonionyesha kwamba udi wa moshi na udi wa mafuta ni mambo mawili.

Moshi kusini tunaujua. Chetezo, makaa, kanga zilizotandazwa juu yake, nywele za bi harusi, chumba cha mgeni. Sehemu kubwa ya udi wa kufukiza wa bei nafuu umelowekwa manukato mengine, mara nyingi ya waridi au miski, kwa hiyo ile harufu tunayoiita ya udi tangu utotoni ni mchanganyiko wa ubao kidogo, sukari, marashi na makaa. Mafuta yanatoka ndani ya ubao wenyewe, hayajapita motoni kwenye chetezo, na hayana makaa. Anayetegemea yanukie vile chumba cha mama yake kilivyonukia siku ya harusi ataamini ametapeliwa hata akiwa ameuziwa ya kweli.

Mti wenyewe kitaalamu unaitwa Aquilaria. Unaota misitu ya Assam huko India, Bangladesh, Thailand, Kambodia, Vietnam, Malaysia na visiwa vya Indonesia. Huku kwetu haupo. Mti ukiwa mzima ubao wake ni mweupe, mwepesi, hauna harufu ya maana. Ukijeruhiwa, iwe kwa tawi kuvunjika au kwa wadudu kutoboa, kisha kuvu ikaingia kwenye kidonda, mti hujikinga kwa kutoa utomvu mzito unaoshika ndani ya nyuzi za ubao. Miaka inapita, sehemu ile inageuka nyeusi na nzito, na kipande kilichoshiba sawasawa ukikitia majini kinazama. Mti ambao haujaugua hauna udi. Mtu anaweza kuuangusha mti porini, akaupasua wote, akaondoka mikono mitupu. Sisi watu wa pwani hii tuna wepesi wa kuuelewa mti wa namna hiyo, kwa sababu mababu zetu walichimba sandarusi ardhini, utomvu wa miti ya zamani, ukapakiwa majahazini na kuishia Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi.

Kupata mafuta, ubao wenye utomvu huvunjwavunjwa, hulowekwa majini, halafu huchemshwa ndani ya pipa lililofunikwa. Mvuke hupita kwenye bomba linalopozwa, unarudi kuwa maji, na mafuta yanaelea juu ili yakombwe. Hapo kwenye kuloweka ndipo penye siri kubwa. Assam kwa desturi huacha ubao majini wiki mbili na zaidi mpaka uchache, na ule uchachu huingia kwenye mafuta. Anayeloweka siku chache, au asiyeloweka kabisa, hupata mafuta matulivu zaidi kutoka kwenye ubao wa aina ile ile. Kwa hiyo jina la nchi kwenye kichupa linakueleza mti ulikoota, na linakueleza pia mkono wa mpishi.

Navaa aina tatu kwa zamu: Hindi, Kambodi na Borneo, zenye majina ya India, Kambodia na kisiwa cha Borneo. Binti anayejifunza kushona kwangu hayajui majina hayo na wala hayamshughulishi. Yeye ana majina yake: yale ya zizi, yale ya zambarau, yale ya baridi. Nimeyachukua, maana yanafaa kuliko maelezo ya wauzaji.

Hindi ndiyo ya zizi. Tone likigusa ngozi inatoka samadi, ngozi ya mnyama iliyoloweka, majani makavu yaliyolala na unyevu. Wengi huishia hapo, wanafunika kichupa na kukirudisha kwa mwenyewe. Ukivumilia kama saa moja, zizi linaanza kuondoka, ngozi inakauka, unakuja moshi mkavu na chini yake utamu mzito wenye uchungu wa tumbaku ambayo haijawashwa. Alasiri nikiwa nimeinamia mashine, mkono wa shati ukipanda, nakutana na kitu ambacho asubuhi hakikuwepo kabisa: ubao mtupu, mtulivu, mtamu bila sukari. Jioni nikivua shati bado upo. Kwa mtu aliyenusa kizibo tu dukani, hii ni Hindi nyingine kabisa. Ndiyo hoja yangu yote kuhusu kuvaa siku ya kazi: mafuta haya yana asubuhi, mchana na jioni yake, na harusini hukai nayo vya kutosha, tena pembeni yako wamekaa watu wenye manukato yao.

Kambodi inapendeza tangu mwanzo. Zambarau zilizoiva hadi kupasuka, asali, kisha ubao mwepesi wenye uvanila kwa mbali. Ndiyo ninayompaka mtu ambaye hajawahi kuvaa udi. Haibadiliki sana, ilichokupa asubuhi ndicho kinachopungua taratibu mpaka magharibi. Ijulikane tu kwamba mengi yanayouzwa kwa jina hilo siku hizi hupikwa Thailand, kwa miti ya kupandwa, kwa namna ya Kambodia. Mimi halinisumbui hilo, ila muuzaji anaposema mti wa porini wa Kambodia, na bei ikapanda kwa sababu hiyo, ujue unalipia maneno yake.

Borneo sikuipa uzito nilipoipata. Ni kimya. Ubao uliorandwa sasa hivi, ubaridi wa mnanaa kwa mbali, halafu utamu mwembamba unaokaa karibu na ngozi. Mtu wa mita mbili hakunusi. Leo ndiyo ninayoivaa kuliko zote, na sababu ni jua.

Kuanzia Novemba kaskazi ikishika, joto la Mtwara halikupi nafasi. Jasho huyapandisha mafuta yote kwa mkupuo. Hindi ambayo ingefunguka hatua kwa hatua inabanana, zizi linakaa mpaka saa sita mchana, na ndani ya bajaji yenye abiria watatu unawalazimisha wenzako harufu ambayo hawakuiomba. Na huo ndio msimu wa fedha za korosho. Watu wa Newala na Tandahimba wameuza, harusi zinapangwa, sare za familia zinakuja kwa robota, chumba changu hakina pa kukanyaga. Kwenye msongamano ule Borneo ndiyo adabu. Joto linaiinua kidogo, inafika kwa yule ninayempima kifua, inaishia hapo.

Mwezi wa sita mambo hugeuka. Kusi inavuma, hewa inakauka, asubuhi pale kivukoni pa Msangamkuu unaona wavuvi wamevaa majaketi. Hindi ina nafasi ya kutembea polepole, kila hatua inaonekana. Mwezi huo huo Kambodi inakuwa bapa kidogo kwangu; ule utamu wake unahitaji joto uvimbe. Nimewasoma watu wanaopanga mafuta ya udi kwa daraja, hii ya kwanza, hii ya pili, na naona wameacha nje nusu ya jambo. Kichupa kile kile Januari na Julai hapa kwetu ni mafuta mawili.

Jinsi ya kulinganisha: Hindi mkono wa kushoto, nyingine mkono wa kulia, nukta ndogo ya kijiti, sio kumwagia. Usisugue viganja, acha yakauke yenyewe. Nusa baada ya kupaka, kisha uache, unuse adhuhuri ukitawadha (maji hayayaondoi, yanayafungua), kisha alasiri, kisha usiku. Pua huchoka haraka na udi. Baada ya nusu saa unadhani yamekwisha, unaongeza, na kumbe waliokuzunguka wanapaliwa. Hapo ndipo binti yule anaponifaa. Anakaa kwenye mashine ya pili, hatua tatu kutoka kwangu, na huwa namuuliza tu: "Bado?" Akijibu "Bado, tena yamekuwa matamu," najua hatua imebadilika hata kama mimi sisikii kitu. Ngozi kavu huyanywa upesi. Nikipaka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yanakaa muda mrefu zaidi. Mafuta ya nazi yanashika vizuri pia, lakini yanajiingiza kwenye mazungumzo, na Kambodi juu ya nazi inaanza kunukia jikoni.

Kwa vile vitambaa ndiyo kazi yangu, nimejaribu pia kwenye mabaki yaliyokatwa. Pamba inayanywa mafuta na kuyaachia kidogo kidogo, hatua zinaonekana karibu sawa na za mwilini. Poliesta inayashika juu juu, harufu inasimama pale ilipo, haisogei, na baada ya kufuliwa mara moja unakuta imebaki ile sehemu mbaya tu. Hariri sikushauri kabisa. Na hata kwenye pamba, Hindi ni nyeusi, inaacha doa la kahawia ambalo hakuna sabuni ya mche italitoa. Nimeletewa kanzu nyeupe mpya yenye doa kifuani siku mbili kabla ya Idi, na hakuna nilichoweza kufanya zaidi ya kupachika mfuko juu yake. Waomani walilifikiria jambo hilo siku nyingi. Kanzu yao ina kishada kinachoning'inia shingoni, na hicho ndicho kinachotiwa manukato. Mteja akiniagiza kanzu ya Kiomani nakishona kishada kwa uzi wa pamba, tena mzito, hata kama uzi wa nailoni unang'aa zaidi, kwa sababu najua kitakachofanyiwa.

Wateja hunifundisha mengi. Mzee mmoja wa Mikindani alikuja kuchukua kanzu siku ya Ijumaa, nikamwinamia kupima pindo. Akasema, "Mwanangu, hiyo Hindi. Nzuri. Punguza, watu wanasali." Nilipunguza, na tangu hapo Ijumaa naipaka mapema, kabla ya kufungua duka, ili zizi liwe limekwisha kabla ya khutba. Muuguzi mmoja, Mkristo, anashonesha sare kwangu. Aliipenda Borneo akataka kujua kama anaweza kuivaa zamu ya usiku. Nikamwambia hapana. Mgonjwa mwenye kichefuchefu hawezi kutoka nje kupunga hewa. Anaivaa siku zake za mapumziko, na anasema nyumbani mumewe hajui jina la mafuta hayo ila anauliza yakikosekana.

Sasa ubambikaji. Wauzaji watakupa vipimo vya kila namna: tone kwenye karatasi, tone kwenye maji, kugeuza kichupa uone uzito, kuangalia rangi juani. Sivitegemei. Uzito unaongezwa kwa mafuta mengine ya kuchanganyia, rangi inatiwa, na mafuta ya kweli yenyewe yanatofautiana, mengine mepesi ya manjano, mengine mazito ya kahawia iliyokoza. Kipimo kisichoongopa ni siku nzima. Mafuta ya viwandani yanayoiga udi hupiga kwa nguvu, makali puani, na saa kumi jioni yanasema neno lile lile yaliyosema asubuhi, au yamekatika ghafla yakaacha kitu cha plastiki. Yaliyochanganywa huanza vizuri, udi unaondoka upesi, ukabaki msandali au miski uliofichwa chini. Ya kweli yanasogea. Kuna mafuta ya kuiga yanayonukia vizuri na nisingemkataza mtu kuyavaa, mradi yameuzwa kwa jina lake na bei yake.

Ukinunua, nunua robo tola, karibu gramu tatu. Tola nzima ni gramu 11 na ushei, na kwa nukta ya kijiti kila siku robo yake inakuchukua miezi. Kabla ya kulipa omba upakwe mkononi, ondoka, rudi kesho. Ukishalipa, kichupa kikae gizani, mbali na dirisha, kifuniko kimekazwa. Humo ndani mafuta hayaozi, yanatulia. Ile Hindi yangu imepungua ukali tangu niipate. Wanaoyatunza kabatini wana haki katika jambo hilo moja.

Kuna jambo lingine linalonifanya nitumie nukta, sio matone. Mti huu umewindwa vibaya. Aquilaria malaccensis, mti unaotoa Hindi na pia sehemu kubwa ya udi wa Malaysia na Indonesia, uliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1995. Mwaka 2005 zikaongezwa jamii zote za Aquilaria, pamoja na nduguye Gyrinops. Biashara haikupigwa marufuku, inatakiwa vibali. Hata hivyo porini mti mkubwa wenye udi umekuwa adimu, na wakataji hawawezi kujua kwa nje ni upi umeugua, kwa hiyo wanaangusha na mizima. Sisi tunaotoka mikoa hii hatuwezi kujifanya hatuijui hadithi hiyo, tuna mpingo. Vijiji vya Kilwa vilipopewa misitu yao kuisimamia wenyewe na kuuza mpingo kwa utaratibu, mti ulipata mwenyewe wa kuulinda. Kwa udi, tegemeo ni mashamba: wakulima wa Assam, Thailand, Vietnam na kwingineko wanapanda, wanatoboa shina, wanatia kuvu kwa makusudi, wanangoja miaka, wanavuna.

Wapenzi wa udi wengi huyadharau mafuta ya shambani. Wanasema hayana kina. Ni kweli kwamba mti wa miaka kumi hauwezi kufanana na ule uliougua porini kwa miongo. Kambodi yangu ni ya shambani, na kwenye mkono wa kulia mchana wa kusi haifiki ilipofika Hindi. Lakini naivaa kwa amani, naweza kuimaliza nikanunua nyingine, na binti yangu wa mashine ya pili akija kuwa na duka lake naye ataikuta sokoni. Mafuta ya porini ya bei ya kiwanja sina haja nayo, hata ningekuwa na hicho kiwanja.

Shemeji yangu aliyeko Maskati ameahidi kuniletea robo tola ya Papua, inayotoka kwenye Gyrinops. Nimesoma kwamba ina ukijani, majani yaliyofikichwa, na uchungu kidogo. Anakuja mwisho wa mwaka, kaskazi imeshika, wateja wa korosho wamejaa. Nitaipa mkono wa kushoto na Borneo wa kulia, jua lile lile, pamba ile ile, na jina lake tutamwachia binti alitafute.